Roboti zilipoondoka Sindelfingen: uchambuzi wa kisa cha Factory 56

Mwanzoni mwa mwaka 2016, Markus Schäfer, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa uzalishaji wa Mercedes-Benz, aliwaeleza waandishi wa habari jambo lililowashangaza watu wa sekta ya magari. Katika kiwanda cha Sindelfingen, kusini mwa Ujerumani, kampuni ilikuwa inaziondoa baadhi ya roboti zake kubwa kwenye laini ya kuunganisha magari na kuwarudisha mafundi. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kikazi kabisa: mteja wa S-Class, gari la kifahari la kampuni hiyo, ana machaguo mengi mno. Kuna mapambo ya ndani ya nyuzi za kaboni, kuna vishikio vya vikombe vinavyopasha na kupoza, kuna hata aina nne za vifuniko vya vali za matairi. Roboti iliyopangwa kurudia kitendo kimoja maelfu ya mara haikumudu mchanganyiko huo. Kuipanga upya kulichukua wiki kadhaa, wakati kikosi cha mafundi kiliweza kubadilisha utaratibu wa laini ndani ya wikendi moja.

Miaka miwili baadaye, Februari 2018, hapo hapo Sindelfingen, liliwekwa jiwe la msingi la ukumbi mpya wa kuunganishia magari ulioitwa Factory 56. Ulifunguliwa Septemba 2020. Una ukubwa wa mita za mraba 220,000, uligharimu takriban euro milioni 730, na kampuni iliutangaza kuwa kielelezo cha kiwanda janja kwa matawi yake yote duniani.

Kwa haraka haraka unaweza kudhani kampuni ilighairi, kwamba mwaka 2016 ilichoshwa na mashine na mwaka 2018 ikazirudia kwa kishindo. Mimi naona uamuzi ni ule ule, umechukuliwa mara mbili. Mara zote mbili kampuni ilikuwa inaukimbia ugumu wa laini isiyobadilika, laini ambayo ikishajengwa kwa ajili ya gari fulani hujua gari hilo tu. Mwaka 2016 dawa iliyokuwapo ilikuwa mikono ya watu. Kufikia 2018 dawa nyingine ilikuwa imekomaa: programu, mtandao wa kasi usio na waya, vihisi, na mitambo inayohama. Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Kinaonyesha kinachowasukuma watengenezaji wa magari kwenye teknolojia hii waziwazi kuliko hotuba nyingi zinazotolewa kwenye maonyesho ya viwanda.

Harusi ya bodi na injini

Ili kuelewa shida iliyokuwapo, lazima tuingie ndani ya laini yenyewe. Laini ya kuunganisha magari huenda kwa mapigo. Kila kituo kimepewa muda wake, dakika chache tu, na muda ukiisha gari linasogea kwenda kituo kinachofuata, kazi imekwisha au haijakwisha. Utaratibu huu una zaidi ya karne moja. Ford ilipouanzisha Highland Park, Michigan, mwaka 1913, muda wa kuunganisha chasi ya Model T ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Lakini uliwezekana kwa sababu magari yote yalifanana. Mapigo ya laini yanapenda mfanano. Gari moja likihitaji dakika tatu kwenye kituo na linalofuata likihitaji moja, fundi wa gari la kwanza anakimbizwa na wa pili anakaa bure.

Sasa ichukue laini hiyo na uipitishie S-Class ya kawaida, S-Class ndefu, Maybach, toleo la kifahari zaidi lenye mapambo yake, gari la mseto wa petroli na umeme, na EQS ambayo ni ya umeme mtupu. Hizi za kwanza zina injini mbele, tangi la mafuta na bomba la moshi linalopita chini hadi nyuma. EQS haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina betri kubwa bapa iliyotandazwa chini ya sakafu. Mafundi wa Kijerumani wana jina zuri la kituo ambacho bodi inashushwa na kuungana na injini na ekseli zake: wanakiita harusi. Kwenye kiwanda cha zamani harusi ni mtambo mmoja mkubwa, umefungwa sakafuni, umetengenezwa kwa vipimo vya gari moja. Ukitaka kumwozesha bibi harusi mwingine, unavunja ukumbi.

Factory 56 walifanya mambo mawili hapo. Kwanza, kituo cha harusi kilijengwa kwa vipande vinavyoweza kupangwa upya, kiasi kwamba gari la petroli na la umeme hupita hapo moja baada ya jingine. Pili, na hili nadhani ndilo wazo bora kuliko yote ya ukumbi ule, baadhi ya sehemu za laini hazina mkanda wa kusafirishia uliochimbiwa sakafuni. Gari linabebwa na jukwaa linalojiendesha lenyewe. Sakafu iko wazi, haina mashimo wala minyororo. Kukitokea haja ya kuongeza kituo au kuhamisha kimoja, mhandisi anabadilisha njia ya majukwaa kwenye programu na mafundi wanahamisha vifaa vyao. Vipuri navyo vinafika kwa namna hiyo hiyo: mamia ya toroli zisizo na dereva hupeleka kila gari kikapu chake, kimejazwa vipuri vya gari hilo tu, hivyo fundi hana haja ya kutembea kwenye rafu na kukisia ni kipi kinachotakiwa.

Hapo neno "janja" linapata maana. Jukwaa halina akili ya ajabu. Linachojua ni gari gani lipo juu yake, linahitaji nini na linakwenda wapi, na maelezo hayo yanaweza kubadilishwa leo jioni yakatumika kesho asubuhi.

Hofu ya kujenga kiwanda kisicho sahihi

Msukumo mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, haumo kwenye orodha za faida ambazo kampuni huzichapisha. Ni kutojua mnunuzi atataka nini.

Fikiria hali ilivyokuwa mwaka 2018, wakati msingi unachimbwa. Kashfa ya injini za dizeli za Volkswagen ilikuwa imelipuka mwaka 2015 na kuitia doa teknolojia ambayo Wajerumani walikuwa wameitegemea. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeweka kikomo cha gramu 95 za kaboni dioksidi kwa kilomita, wastani wa magari mapya yote, kuanza 2020, na faini ya euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, ikizidishwa kwa kila gari lililouzwa. China, soko kubwa kuliko yote la S-Class, ilikuwa inasukuma magari ya umeme kwa nguvu za serikali. Kila dalili ilielekeza kwenye umeme, lakini hakuna aliyeweza kusema ni mwaka gani, wala kwa kiwango gani. Kiwanda kinajengwa leo na kinatumika miongo miwili au zaidi. Ukijenga ukumbi wa petroli na soko likahamia kwenye umeme, umepotea. Ukijenga wa umeme na soko likasita, umepotea vile vile.

Historia ya sekta hii ina onyo moja kuhusu jambo hilo. Mei 1927 Ford ilisimamisha utengenezaji wa Model T baada ya kutoa magari milioni 15. Viwanda vilivyokuwa vimenolewa kwa ajili ya gari lile moja havikuweza kugeuka. Ilibidi vifungwe kwa miezi, mashine zing'olewe na nyingine zisimikwe, wafanyakazi wapelekwe nyumbani. Model A ilianza kuuzwa Desemba. Katika mwaka ule Chevrolet iliipita Ford kwa mauzo. Kiwanda bora kuliko vyote duniani kiliangushwa na ubora wake wenyewe wa kufanya kitu kimoja.

Kwa hiyo ninapozisoma zile euro milioni 730 ninaziona kama bima kabla ya kuziona kama mtambo wa kupunguza gharama. Kampuni ilinunua haki ya kubadili mawazo bila kufunga milango.

Kampuni yenyewe inasema ufanisi wa Factory 56 uliongezeka kwa asilimia 25 ukilinganisha na mahali S-Class iliyotangulia ilipokuwa inaunganishwa. Siipingi takwimu hiyo, ila anayetaka kuitumia kutetea mradi wake aisome kwa makini. Inalinganisha ukumbi mpya na wa zamani. Ndani ya asilimia 25 hiyo kuna jengo jipya, mpangilio mpya wa vituo, gari lililobuniwa upya, na pia programu na vihisi. Hakuna anayeweza kuitenganisha na kusema kiasi hiki kimeletwa na data peke yake. Mameneja wengi huingia hasara hapo hapo: wanainunua programu, wanaitundika juu ya laini ya zamani, kisha wanasubiri asilimia 25.

Nini kingine kilikuwa mezani

Ufuatiliaji wa kila kipuri ni msukumo ambao hausemwi vya kutosha. Mikoba ya hewa ya Takata, kampuni ya Kijapani ya vipuri, iliwafundisha watengenezaji wote kwa uchungu. Marekani peke yake, vipulizio takriban milioni 67, yaani vifaa vinavyoijaza mikoba hiyo, viliingizwa kwenye zoezi la kurudishwa, na watu walipoteza maisha kwa kifaa kilichowekwa kuwaokoa. Kosa la Takata lilikuwa la kikemikali na halikuzaliwa kwenye laini ya kuunganisha, lakini swali lililomkabili kila mtengenezaji lilikuwa moja: kipuri chenye kasoro kimo ndani ya magari gani? Kampuni inayojua kila bolti ilikazwa kwa nguvu kiasi gani, saa ngapi, kwenye gari lenye namba gani, inaweza kurudisha mia nne badala ya laki nne. Spana ya umeme inayoandika kila mzunguko wake kwenye kumbukumbu inaonekana kitu kidogo. Siku ya kasoro ndiyo inayoamua kama kampuni italala usingizi.

Factory 56 ni ukumbi usiotumia karatasi kwenye laini. Zile fomu zilizokuwa zinasafiri na gari kituo hadi kituo zimehamia kwenye skrini, na kampuni inasema inaokoa tani 10 hivi za karatasi kwa mwaka. Karatasi si hoja kubwa. Hoja ni kwamba taarifa ya kidijitali inasomeka papo hapo na mtu aliye upande wa pili wa ukumbi, au upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana mwaka 2019 kampuni ilitangaza kushirikiana na kampuni za mawasiliano za Telefónica Deutschland na Ericsson kuweka mtandao wake binafsi wa 5G ndani ya ukumbi, na mwaka 2022 ikatangaza pamoja na Microsoft jukwaa la data la kuunganisha takriban viwanda vyake 30. Uhaba wa chipu wa mwaka 2021 ulikuwa umeonyesha thamani ya jambo hilo. Chipu ya bei ndogo ikikosekana, gari la bei kubwa linabaki halijakamilika uwanjani, na mtengenezaji asiyejua kwa uhakika ni magari gani yanaweza kukamilishwa wiki hii anapanga kazi kwa kupiga ramli.

Kuhusu nishati nitasema kwa kifupi. Juu ya paa kuna paneli za sola zipatazo 12,000 zinazotoa karibu asilimia 30 ya umeme wa mwaka, zikisaidiwa na ghala la umeme lililotengenezwa kwa betri za magari, na kampuni inasema ukumbi unatumia nishati pungufu kwa asilimia 25 kuliko kumbi zake nyingine za kuunganishia. Mwaka 2018 hayo yalionekana kama mapambo ya taswira ya kampuni. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi na umeme Ulaya mwaka 2022, yakawa hesabu ya fedha.

Suala la watu

Watu wengi wakisikia kiwanda janja wanafikiri kwanza kufukuzwa kwa wafanyakazi, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini katika kisa hiki kupunguza mshahara hakuonekani kuwa ndiyo sababu kuu. Zaidi ya watu 1,500 walipangiwa kazi Factory 56. Sehemu nzito inayofaa roboti, yaani kuchomelea bodi na kupaka rangi, ilikwisha kuchukuliwa na mashine miongo kadhaa iliyopita. Roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, iliingia kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961. Kilichobaki kwa binadamu ni uunganishaji wa mwisho: nyaya zinazopinda, zulia linaloteleza, mpira wa mlango unaotaka kubanwa kwa kidole kinachohisi. Kazi hizi ndizo zilizomshinda Elon Musk, bosi wa Tesla.

Tesla ilipokuwa inaanzisha uzalishaji wa Model 3 huko Fremont, California, ilijaribu kuzikabidhi roboti karibu kila kitu. Kulikuwa na roboti iliyopewa kazi ya kuweka matandiko ya nyuzi za kioo juu ya betri. Ilishindwa kuyashika vizuri, laini ikawa inakwama, na baadaye ikagundulika kwamba matandiko yenyewe hayakuhitajika. Mtandao mzima wa mikanda ya kusafirishia vipuri uling'olewa. Aprili 2018 Musk alikiri hadharani kwamba otomatiki ilipita kiasi, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba uwezo wa binadamu hauthaminiwi inavyostahili. Lengo la magari 5,000 kwa wiki lilifikiwa mwishoni mwa Juni, likisaidiwa na laini ya ziada iliyojengwa ndani ya hema nje ya kiwanda, ikiwa na mafundi wengi na mashine chache.

Tofauti kati ya Fremont na Sindelfingen haimo kwenye wingi wa teknolojia. Tesla ilitaka mashine ifanye kazi ya mkono. Mercedes-Benz ilitaka mashine ibebe gari, ilete kipuri na iandike kumbukumbu, kisha mkono ufanye kazi yake. Somo la roboti zilizoondolewa mwaka 2016 lilikuwa limeingia.

Kuna jambo la kisheria pia ambalo wachambuzi wengi hulipita. Sheria ya Ujerumani inalipatia baraza la wafanyakazi haki ya kushirikishwa katika uamuzi kila mwajiri anapotaka kuweka kifaa kinachoweza kufuatilia mwenendo au utendaji wa mfanyakazi. Kiwanda janja karibu chote ni kifaa cha namna hiyo. Spana inayoandika kila bolti inaandika pia ni nani aliyekuwa zamu, na ni mara ngapi alichelewa. Kwa hiyo menejimenti haikuweza kusimika vifaa hivyo kimya kimya. Ilibidi ikae mezani. Ninaona hilo kuwa ngao kwa mfanyakazi na faida kwa mradi, maana fundi anayejua data yake haitatumika kumwadhibu hana sababu ya kuidanganya mashine. Pale ngao kama hiyo inapokosekana, teknolojia ile ile inageuka jicho la msimamizi lisilolala, na hilo halipaswi kufichwa chini ya maneno matamu ya ufanisi.

Gharama iliyojificha

Kampuni inapounganisha kila kitu, kila kitu kinaweza kusimama pamoja. Machi 1, 2022, Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 nchini Japani kwa sababu msambazaji wake mmoja wa vipuri, Kojima Industries, alishambuliwa kimtandao. Agosti 2023 viwanda hivyo hivyo 14 vilisimama tena, safari hii bila mvamizi yeyote: nafasi ya kuhifadhi data kwenye seva za kupokea maagizo ya vipuri ilijaa wakati wa matengenezo. Na mwaka 2025 Jaguar Land Rover ililazimika kuzima mifumo yake baada ya shambulio. Uzalishaji ulisimama tangu mwanzo wa Septemba hadi mapema Oktoba, na serikali ya Uingereza ikaingia kudhamini mkopo wa pauni bilioni 1.5 ili wasambazaji wadogo wasianguke.

Hesabu ya kiwanda janja isiyo na fungu la siku mfumo utakapozimika haijakamilika. Mkanda wa zamani ulikuwa mzito na mgumu kubadilika, lakini haukuhitaji nenosiri. Majukwaa yanayojiendesha yanahitaji mtandao, mtandao unahitaji seva, seva inahitaji mtu anayeilinda usiku na mchana. Mtu huyo naye ni gharama ya uzalishaji, sawa na fundi aliyeko kwenye laini, na kampuni nyingi bado zinamweka kwenye bajeti ya ofisi.

Je, bima ile ya Factory 56 ilikuja kutumika? EQS iliingia kwenye laini mwezi Mei 2021, miezi kadhaa baada ya S-Class mpya. Julai mwaka ule kampuni ilitangaza kwamba inajiandaa kuwa ya umeme mtupu kufikia mwisho wa muongo, pale hali ya soko itakaporuhusu. Soko halikwenda hivyo. Februari 2024 kampuni ilirudi nyuma: ile nusu ya mauzo iliyotarajiwa kuwa ya magari ya umeme na mseto kufikia 2025 ikasogezwa hadi nusu ya pili ya muongo, na magari ya injini za mafuta yakaahidiwa maboresho kwa miaka mingi mbele. Tangazo hilo halikulazimu ukumbi wowote kuvunjwa Sindelfingen. S-Class ya petroli na EQS ziliendelea kufuatana kwenye laini moja, kila moja na kikapu chake cha vipuri.